Uji wa Watoto Shuleni: Wajibu wa Mfadhili na Wajibu wa Chama

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Mkulima wa Mtwara huijua miezi ya njaa bila kutazama kalenda. Korosho huanza kuuzwa mwezi Oktoba, na fedha nyingi za msimu hupatikana kabla ya mwaka kwisha. Kufikia Januari fedha hizo aghalabu zimekwisha kwa madeni, palizi na sare za shule, ilhali mahindi na mpunga wa bonde la Ruvuma ungali mbichi. Tangu hapo hadi mavuno, nyumba nyingi hupika mara moja kwa siku. Na ndiyo miezi ambayo shule hufunguliwa.

Athari yake huonekana darasani. Mtoto wa Mahurunga au Kitaya aliyetoka nyumbani alfajiri bila kutia kitu kinywani humsikiliza mwalimu hadi saa nne. Baada ya hapo husinzia. Wengine huondoka wakati wa mapumziko wasirudi. Wa Msimbati huelekea ufukweni maji yakipwa kutafuta pweza. Wa bondeni hulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe.

Tangu Januari 2016 elimu ya msingi katika shule za Serikali hutolewa bila ada, lakini chakula cha mwanafunzi kimebaki kuwa jukumu la wazazi na jamii. Palipo na jiko la shule, kila mzazi huombwa mahindi au fedha. Mwenye nacho hutoa, asiye nacho hushindwa. Basi huweza kutokea kwamba mtoto wa fukara, ambaye njaa yake ndiyo kubwa zaidi, hukaa kando akiwatazama wenzake wakinywa uji. Hilo ni jambo la aibu kwa kijiji chenye chama cha ushirika na ghala lililojaa korosho.

Wapo wasemao kwamba dawa ni kumngoja mfadhili kutoka ng'ambo. Rai hiyo isibezwe, kwa kuwa wafadhili wamefanya kazi kubwa. Shirika la Mary's Meals, lililoanzishwa na watu wa Scotland, lilianza mwaka 2002 kwa kulisha watoto wapatao 200 katika nchi jirani ya Malawi. Leo hulisha zaidi ya watoto milioni 2 katika nchi mbalimbali, kwa michango midogo midogo ya watu wa kawaida. Lakini yafaa kuzingatia kwamba huko Malawi wanaoamka usiku kuwasha moto na kukoroga uji ni wazazi wa kijiji wenyewe, kwa zamu, bila mshahara.

Hapa nchini, katika miaka ya 2000, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lililisha wanafunzi katika mikoa yenye ukame, ikiwamo Dodoma na Singida. Mpango ule ulikuwa na mwisho wake, kama ilivyo mipango yote ya wafadhili. Nchini Kenya, shirika hilo hilo lilikabidhi kazi yake ya chakula cha shule kwa Serikali mwaka 2018. Funzo ni moja: mfadhili huja na huondoka, na jiko linaloendelea kuwaka ni lile lenye kuni za wenyeji. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Je, chama cha msingi kina uwezo? Hesabu ijibu. Mathalani chama kikusanye tani 300 za korosho, na wanachama waridhie kutenga shilingi 10 kwa kila kilo. Zitapatikana shilingi 3,000,000. Shule yenye wanafunzi 400, kila mmoja akipewa uji wa gramu 100 za unga, hutumia kilo 40 kwa siku, yaani kilo 2,400 kwa siku 60 za masomo. Unga ukiwa shilingi 1,000 kwa kilo, gharama ni shilingi 2,400,000, na baki ni shilingi 600,000 za sukari na chumvi. Mkulima mwenye kilo 500 atakuwa ametoa shilingi 5,000 tu, na hakuna mtoto atakayeketi kando.

Kadhalika isisahauliwe mbaazi. India ilipozuia uingizaji wake mwaka 2017, bei ilianguka na wakulima wengi wa kusini wakabaki na magunia ndani. Zao lililokosa soko ng'ambo lingeweza kupikwa makande shuleni. Chama kikinunua sehemu ya mbaazi za wanachama kwa ajili ya shule, mkulima hupata soko na mtoto hupata chakula chenye kujenga mwili.

Hata hivyo, jambo jema lisilo na hesabu huzaa ugomvi. Wanachama wamekwisha kuchoshwa na makato wasiyoyaelewa. Kwa hiyo:

1. Fedha hizo zijadiliwe na Mkutano Mkuu, ziandikwe katika muhtasari, na kuingizwa katika makisio yanayowasilishwa kwa Mrajis. Bodi isikate hata senti kwa uamuzi wake peke yake.

2. Ziwe na daftari lake. Zisichanganywe na fedha za pembejeo wala za magunia.

3. Mahindi yanunuliwe Novemba na Desemba, fedha zikiwapo, yasingojwe hadi Februari bei inapopanda.

4. Chakula kipokewe kwa mizani mbele ya mwalimu na mzazi, na kila kinachotoka stoo kiandikwe siku hiyo hiyo.

5. Mfadhili akija, akaribishwe kwa mkataba wa maandishi unaoeleza atatoa nini, kwa muda gani, na nani ataendeleza kazi atakapoondoka.

Mwaka 1995 vyama vya ushirika duniani viliweka kujali jamii kuwa msingi wa saba wa ushirika. Msingi huo hautimizwi kwa kubandikwa ukutani mwa ofisi. Katibu anayeandaa ajenda ya Mkutano Mkuu ujao aweke humo uji wa watoto, kabla mizani ya korosho haijafunguliwa. Januari haingoji, na mtoto aliyekwisha kuacha shule kwa njaa ni vigumu kumrudisha.