Msomi wa Saikolojia Atafanya Kazi Gani?

Mzazi wa Ngaramtoni au Usa River akisikia mwanawe aliyemaliza kidato cha sita anataka kusomea saikolojia chuo kikuu, huuliza kwanza habari za ajira. Ni haki yake. Ila kazi hiyo tunaitafuta kwenye matangazo ya "anahitajika mwanasaikolojia", ambayo ni machache, wakati elimu yenyewe inatakiwa ndani ya kazi zenye majina mengine kabisa. Ushahidi tunao hapa hapa mjini Arusha. Hadi mwisho wa mwaka 2015, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilikuwa ikisikiliza kesi zake katika majengo ya kituo cha mikutano cha AICC. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, mashahidi walioona ndugu zao wakiuawa walitakiwa kutaja tarehe, saa na umbali, tena kupitia kwa wakalimani. Baadhi ya maelezo hayakulingana na yale waliyoandikisha awali. Hukumu ya Septemba 2, 1998 ilieleza kwamba huenda mashahidi hao walikuwa na kiwewe, na kasoro hizo zikapimwa kwa kuzingatia hilo. Ujuzi wa kutambua jinsi kiwewe kinavyoathiri maelezo ya mtu ndio anaouhitaji askari wa dawati la jinsia na watoto, afisa ustawi wa jamii, na mwalimu wa unasihi shuleni.

Wapo watakaosema wazee, mashehe na wachungaji wameifanya kazi ya kuwasikiliza na kuwashauri watu siku zote bila shahada. Kweli, na wengine wanaifanya vizuri sana. Huko Zimbabwe, mabibi wanaokaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya zahanati wamewapunguzia wengi sonona, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha hilo. Lakini mabibi hao walifundishwa na kusimamiwa na wataalamu, akiwemo mwanzilishi wa mpango huo, daktari wa akili Dixon Chibanda. Pingamizi zito zaidi ni kwamba shahada ya kwanza peke yake haimfanyi mtu mtaalamu wa tiba ya saikolojia. Hapo nakubali: inahitajika shahada ya uzamili, kama ile ya Muhimbili, pamoja na mazoezi chini ya msimamizi. Anayekuahidi vinginevyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Basi kijana, kabla ya kuomba udahili, kiulize chuo wanafunzi wake hupelekwa wapi kwa mafunzo ya vitendo, na nani huwasimamia. Wakishindwa kukutajia hata sehemu moja, omba kwingine.