Nguvu Nne: Kutoka Tangi la Maji Kitengela Hadi Mawe ya Olorgesailie

(Mazungumzo na vijana na wazazi, Kitengela, kabla ya futari)



Walimu wangu, wazazi wetu, dada zangu na kaka zangu. Nimeombwa nizungumze juu ya fizikia, na najua wengine wenu mkisikia jina hilo tu mnahisi saumu imezidi kuwa ndefu. Msiwe na wasiwasi, sikuja na hesabu. Wala sikuja kuwatafutia aya kwa kila kanuni ya sayansi. Wako wanaofanya hivyo, na kwa maoni yangu mara nyingi hawaitendei haki aya wala hiyo sayansi. Nimekuja kwa sababu vijana wetu wengi wa huku Kitengela na Kajiado, wakifika mahali pa kuchagua masomo, fizikia ndiyo ya kwanza kuachwa. Wasichana huambiwa si yao. Wavulana hujiambia ni ya watu wenye vichwa vya ajabu. Nataka mnisikilize kwanza, halafu mtu akiiacha, aiache akiijua.

Sisi tuliopita madrasa tunakumbuka: ba, ta, tha, ukiziandika tu bila irabu, mtoto hawezi kuzisoma. Ukitia irabu, zinatamkika. Basi chukulia maada, yaani vitu vyote, ni zile herufi. Nguvu ndizo irabu. (Vitabu vya Tanzania huita kani.) Na ajabu ni kwamba kila kinachosukumwa au kuvutwa ulimwenguni, kwa kadiri wataalamu walivyofika, kinarudi kwenye nguvu nne tu.

Ya kwanza mnaijua: uvutano. Hapa Kitengela maji tunanunua kwa lori, tunayapandisha kwenye tangi juu ya nyumba. Kwa nini juu? Manake ardhi inayavuta yashuke. Kila mita 10 za kimo zinakupa msukumo wa takriban kilo 1 kwa kila sentimita mraba ya bomba. Ndiyo sababu bomba la chini linafoka na la ghorofa ya juu linadondoka. Nguvu hiyohiyo ndiyo inayoushika mwezi tunaoutafuta jioni ya tarehe 29. Na jamaa zetu wa Mombasa wanajua kwamba mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, bahari hujaa bamvu. Katikati yake yanakuja maji mafu. Mwezi na jua vinavuta bahari. Vikivuta kwa mstari mmoja, maji yanapanda sana.

Lakini je, mnajua uvutano ndio mnyonge kuliko zote nne? Chukua kitana cha plastiki, kisugue kwenye nywele kavu, kisogeze karibu na vipande vya karatasi. Vinaruka juu. Dunia nzima inavivuta chini, na kitana cha shilingi chache kinaishinda! Hiyo ni nguvu ya pili, ya sumakuumeme. Ukilinganisha kati ya protoni mbili, inaushinda uvutano mara 1 ikifuatwa na sufuri 36.

Hii ya pili ndiyo inayofanya kazi nyingi tunazoziona. Ukisujudu, paji la uso halizami sakafuni kwa sababu elektroni za sakafu zinazikataa elektroni zako. Saruji inayosagwa jirani zetu Athi River ikichanganywa na maji inashika mawe kwa nguvu za umeme baina ya atomi. Umeme na sumaku ni ndugu wa tumbo moja: ukizungusha sumaku karibu na waya, unapata mkondo wa umeme, jambo alilolionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Mkipita Ngong mkaona yale mapangaboi makubwa, hakuna siri nyingine mle ndani. Ya kwanza yalisimamishwa mwaka 1993. Kipeto, papa hapa Kajiado, ilianza mwaka 2021 ikiwa na 60, zenye uwezo wa megawati 100.

Nguvu ya tatu, ile kali ya nyuklia, nitaipita haraka. Atomi ingekuwa kubwa kama uwanja wa mpira, kiini chake kingekuwa punje ya ndengu katikati. Ndani ya punje hiyo protoni zinasukumana vibaya sana, lakini nguvu kali inazibana pamoja. Jua linapounganisha viini vya haidrojeni kuwa heliamu, tani kama milioni 4 za maada zinageuka nishati kila sekunde. Sehemu ndogo ya nishati hiyo inafika Magadi baada ya dakika 8 hivi na kukausha maji ya ziwa, ikatuachia magadi yanayochimbwa pale zaidi ya miaka 100 sasa.

Ya nne ndiyo niipendayo. Inaitwa nguvu dhaifu ya nyuklia, na kazi yake ni kugeuza: protoni kuwa nyutroni, au nyutroni kuwa protoni. Hata hilo jua linaihitaji ili lianze kuunganisha haidrojeni, na kwa kuwa ni mvivu, jua linaungua polepole. Limefika miaka bilioni 4.6 na bado lipo.

Tende mtakazofuturu nazo leo zina potasiamu. Katika kila atomi 10,000 za potasiamu, moja hivi ni ya aina isiyotulia, nayo hugeuka taratibu kwa nguvu dhaifu. Msiogope, mwilini mwa mtu mzima zinageuka zaidi ya 4,000 kila sekunde tangu zamani za Adam. Nusu ya atomi hizo huchukua miaka kama bilioni 1.25 kugeuka. Baadhi zinakuwa gesi ya argoni.

Sasa twende Olorgesailie, barabara ya Magadi, mahali Louis na Mary Leakey walipochimba miaka ya 1940. Volkano ikitoa mawe yaliyoyeyuka, argoni yote hutoka, kama saa iliyorudishwa sufuri. Jiwe likiganda, argoni mpya inanaswa ndani. Ukiipima, unajua umri wa jivu lile, na shoka za mawe zilizolaliwa nalo. Ndivyo ilivyojulikana kwamba baadhi zina zaidi ya miaka 500,000, na mwaka 2018 zikatangazwa zana za aina mpya zenye miaka takriban 320,000. Wageni wanavuka bahari kuja kuyasoma mawe hayo. Mtoto wa Kajiado anapita hapo kwa matatu akiwa amelala.

Abdus Salam alikulia Jhang, mji wa kawaida tu wa Punjab, Pakistan. Yeye, Sheldon Glashow na Steven Weinberg walionyesha kwamba sumakuumeme na nguvu dhaifu ni nyuso mbili za kitu kimoja, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Mwaka 1964 alikuwa tayari amefungua kituo Trieste, Italia, ili wanafizikia wa nchi maskini wapate pa kusomea, na Waafrika wengi wamepita pale.

Lakini ile ya tangi la maji, uvutano, mpaka leo imekataa kuingia katika hesabu moja na wenzake. Kazi hiyo bado haina mwenyewe.

Wabillahi tawfiq. Tuna dakika chache kabla ya adhana. Wenye maswali karibuni, na tuanze upande wa akina dada.