Mbono na Mpingo: Waliyojifunza Waanzilishi wa Kampuni Wilayani Kilwa



Mafunzo ya biashara changa aghalabu huletwa kwa mifano ya Marekani au Nairobi, ilhali Kilwa ina mifano yake miwili, iliyotokea karibu miaka ile ile na katika misitu ya wilaya hii hii.

Katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya Kiholanzi ya BioShape ilifika ikiwa na mpango wa kulima mbono, ili mbegu zikamuliwe mafuta ya nishati. Eneo lililokusudiwa lilikuwa takriban hekta 34,000, katika ardhi ya Mavuji, Migeregere, Liwiti na Nainokwe. Wakati huo mbono ulisifiwa dunia nzima: eti huota popote, hautaki maji mengi wala mbolea. Ni kweli hautaki mengi ili uishi. Lakini kuishi si kuzaa. Yeyote aliyewahi kuupanda kuwa ua wa nyumba yake angeweza kulieleza hilo bila malipo.

Kisha soko likageuka. Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilivuka dola 140. Kabla ya mwaka kwisha lilikuwa chini ya dola 40, na wenye fedha wakafumba mikono. Kufikia 2010 BioShape ilikuwa imefilisika. Vibarua walibaki bila kazi, na vijiji vikabaki na swali la ardhi iliyokwisha kutoka mikononi mwao. Kutamani makubwa hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kushika maelfu ya hekta kabla shamba dogo halijajibu swali la mavuno. Shamba la ekari 5 likishindwa, hasara humwishia mwenyewe. Lile la maelfu ya hekta huburuta vijiji vizima.

Mpingo ulikwenda mwendo mwingine. Mradi wake, ambao leo ni shirika la MCDI, ulianza 1995 kama utafiti wa wanafunzi, kwa kazi isiyo na mvuto: kuitafuta miti, kuipima na kuihesabu. Sheria ya Misitu ya 2002 iliviwezesha vijiji kutenga misitu yao ya hifadhi, kuivuna kwa mpango na kubaki na mapato. Mwaka 2009 misitu ya Kikole na Kisangi ikapata cheti cha FSC, yaani uthibitisho wa kimataifa kwamba mti umevunwa kwa uangalifu. Kilikuwa cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji. Miaka 14 ilikuwa imepita.

Hata hivyo, cheti si mnunuzi. Watengenezaji wa klarineti hutaka mbao isiyo na ufa wala fundo, na sehemu kubwa ya gogo la mpingo huishia kuwa vipande na vumbi. Ndipo vijiji vikageukia pia miti mingine, ukiwemo mpangapanga. Mradi uliobeba jina la mti mmoja ulilazimika kujifunza kuuza mti usiokuwamo katika jina lake, na hilo si jambo jepesi kwa mwasisi yeyote anayelipenda wazo lake la kwanza.

Hayo yanavihusu moja kwa moja vikundi vinavyoomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha Somanga kinachotaka friza kubwa la samaki kingefaa kwanza kukodi dogo kwa msimu mmoja, kiandike kilichonunuliwa, kilichooza na aliyelipa kwa wakati. Daftari hilo liambatishwe na andiko la mradi. Wa kuonwa kwanza ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.