MCHEZO WA KUIGIZA

Wasikilizaji wetu, sisi wa Handeni na Korogwe si wageni wa sanaa hii. Bibi asimuliapo hadithi ya Sungura na Fisi, hugeuza sauti kwa kila mnyama. Katika mchezo wa kuigiza kila mtu huchukua nafsi moja tu, wala hasimulii, bali hutenda.

Tutazame "Kinjeketile" wa Ebrahim Hussein, uliochapishwa mwaka 1969, juu ya Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Mwishoni Kinjeketile yumo kifungoni. Wajerumani wamtaka aseme kwamba maji yale ni uongo, naye akataa. Msimulizi angetuambia uchungu wake. Mwigizaji hana budi kuuonyesha kwa sauti, macho na kimya.

Basi aanzaye asikimbilie kukariri. Na aulize kwanza: mtu huyu ataka nini, na nini chamzuia?