VIATU KWANZA, MZIGO BAADAYE
(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama)



Msimu wa wageni umekaribia, na vijana wetu watakwenda tena kubeba mizigo Kilimanjaro. Hebu tuseme habari ya viatu.

Msimu uliopita mwenzetu mmoja alipanda na raba za kuazima, zinambana. Alifika Kibo, juu ya mita 4,700. Kushuka ndiko kulikomtesa: kucha za vidole gumba zote mbili ziling'oka. Alikaa mwezi mzima bila kushika jembe. Hasara ya nani? Yetu sote.

Basi tushike haya. Kiatu kijaribiwe jioni, mguu ukiwa umevimba kwa kazi, tena na soksi nene. Mbele ibaki nafasi ya kidole, maana kwenye mteremko vidole hugonga. Mtumba si vibaya, ila kunja soli uone kama haibanduki. Kiatu kipya kivaliwe shambani wiki mbili kwanza. Kikilowa usikiweke motoni, gundi itaachia; jaza magazeti makavu ndani.

Sheria ya hifadhi ni mzigo usizidi kilo 20. Lakini kilo 20 kwenye kiatu kibovu ni kama 40.

Tumekubaliana hivi: asiye na viatu vya kumtosha asipande. Aje kwa mweka hazina, chama kitamkopesha, atalipa akirudi. Kukopa viatu siyo aibu. Mlima upo tu, hauendi mahali. Mguu ukiharibika, nani atatulimia?