Madoa Meupe katika Matangi ya Samaki wa Mapambo



Katika leja za wanachama wanaofuga samaki wa mapambo nimekuta imeandikwa "konokono wamekufa", bila sababu. Sababu, mara nyingi, ni dawa.

Madoa meupe yafananayo na chembe za chumvi ni vimelea vilivyojificha chini ya ngozi ya samaki, na humo dawa haivifikii. Kimelea kikikomaa hudondoka, hujifunika gamba, kisha hupasuka na kutoa watoto kwa mamia. Watoto hao ndio wanaouawa na dawa. Nao wasipompata samaki hufa wenyewe kwa siku chache. Kwa hiyo dozi moja haitoshi.

Mrututu huwaua, lakini huua pia konokono na kamba, na katika maji yasiyo na chokaa huweza kuua hata samaki mwenyewe. Anayeutia katika tangi la mchanganyiko hatibu, anateketeza mali. Na ahamishe samaki wote, hata wanaoonekana wazima, akawatibu katika chombo kingine, chenye wavu wake. Konokono na wabaki, kwani ugonjwa huu hauwashiki. Maji yakiwa na nyuzijoto 25 au zaidi, majuma mawili bila samaki hutosha kulisafisha tangi.

Mwenye bwawa la perege wa kuliwa asiazime kwa jirani dawa ya kijani ya malakaiti. Mabaki yake hukaa katika nyama ya samaki, na nchi nyingi zimeikataza kwa samaki wa chakula.