Zawadi ya Zamu: Kutambua Mchango wa Watumishi wa Rika Tofauti

Mada kwa semina ya maafisa utumishi na viongozi wa matawi ya wafanyakazi, Morogoro



Nimeombwa nizungumzie namna ya kutambua mchango wa watumishi wa rika tofauti. Ufafanuzi sitaukalia, maana kila aliyemo ukumbini ameshausikia kwenye semina nyingine: kutambua ni kumjulisha mtumishi kwamba kazi yake imeonekana, kwa neno, kwa barua, kwa fedha au kwa nafasi. Kuhusu vizazi, mgawanyo tunaooneshwa kwenye slaidi, waliozaliwa 1946 hadi 1964, 1965 hadi 1980, kisha milenia, kisha kizazi Z, umetokana na historia ya Marekani. Kwetu mtu hujulikana zaidi kwa mlango alioingilia kazini. Wapo waliohitimu wakapangiwa kazi na serikali. Wapo walionusurika upunguzaji wa watumishi wa miaka ya 1990, na hadi leo wakisikia kuna tathmini wanaulizana nani anaondoka. Wapo wa rika la usaili wa Uhamiaji wa Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 kwenye majukwaa ya Uwanja wa Taifa wakigombea nafasi 70. Huyu wa mwisho ataandika kila alichofanya na kutunza nakala. Mzee wa dawati la jirani, aliyepangiwa kazi na serikali, atamwona ana majivuno. Wote wawili wana sababu zao.

Ningeweza kuishia hapo tukanywe chai. Lakini tatizo ambalo nimepigana nalo kwa miaka mingi liko kwenye kamati ya kumteua mfanyakazi bora wa Mei Mosi.

Kamati hukaa Aprili, mara nyingi siku chache kabla ya majina kutakiwa. Katibu anafungua orodha ya mwaka uliopita. Mjumbe mmoja anasema Uhasibu walipata mwaka jana, kwa hiyo safari hii iwe Masijala. Mwingine anakumbusha kwamba kuna mzee pale Usafirishaji amebakiza miezi minne kustaafu, "tusimwache aende mikono mitupu." Kikao kinaisha kwa dakika ishirini. Kisha barua ya mapendekezo inanakiliwa kutoka ya zamani: kujituma, nidhamu, ushirikiano mzuri na wenzake. Nimewahi kushika barua ambayo aya ya kwanza ilimtaja mshindi wa mwaka ule na aya ya pili ikamtaja wa mwaka uliotangulia. Ilikuwa na sahihi tatu na muhuri.

Zawadi imekuwa upatu: ukikaa kwenye mchezo muda wa kutosha, utapokea.

Naomba nieleweke, sisemi haya kuhusu taasisi yoyote iliyowakilishwa hapa. Na zamu haikuanza kwa nia mbaya. Ilianza kwa kuogopa mkuu wa idara atakayempa mtu wake kila mwaka, na viongozi wa matawi walioitetea walikuwa na hoja. Ila imezuia upendeleo kwa kuondoa sababu yoyote ya kuchagua. Mzee anapokea cheti na bahasha akijua ni ya kuagwa. Anayoyajua kuhusu gari bovu na barabara mbovu hayamo kwenye ile barua. Kijana anajifunza kwamba kinachopimwa ni kusubiri.

Tena kuna wasiokuwamo kwenye orodha kabisa. Kamati nyingi huchambua majina ya watumishi wa kudumu tu. Wa mkataba na wanaojitolea hawatajwi, na miongoni mwao wamo vijana wetu wengi. Kijana wa mkataba anapanga upya majalada, foleni ya wastaafu dirishani inapungua, ripoti inapanda juu na jina la msimamizi. Halafu tunaitana semina kuuliza kwa nini vijana hawana uzalendo na ofisi! Sehemu kubwa ya tunachokiita tofauti ya vizazi ni tofauti ya masharti ya ajira.

Nyenzo tunazo. OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji kazi, ilipoletwa mwaka 2004 kuchukua nafasi ya taarifa za siri za tathmini ya watumishi, ilikusudiwa kutupa ushahidi wa nani kafanya nini; tukaigeuza kuwa fomu za kujaza mchana mmoja wa Juni. Sasa tuna PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kusimamia utendaji, ambamo kazi zinaingizwa. Kamati nilizokaa nazo hazijaufungua siku ya uteuzi.

Napendekeza yafuatayo, kwa kuzingatia miongozo iliyopo. Zamu ya idara ikome. Pale ambapo haiwezi kukoma mara moja, jina lisipite bila kutaja kazi moja mahususi, tarehe yake na aliyenufaika. Barua ya zamani isinakiliwe. Wa mkataba waingizwe kwenye orodha, na ikiwa fedha haziruhusu, angalau wapate barua itakayowasaidia kwenye usaili mwingine. Ripoti itaje walioiandaa. Kuaga wastaafu kutengwe na Mei Mosi, kuwe na bajeti yake, na heshima ya kwanza kwa anayestaafu iwe jalada lake la mafao kukamilika kabla hajakabidhi ofisi. Msimamizi kijana anayetaka kumshukuru mzee aende mezani kwake, aanze na shikamoo, aseme alichojifunza kwake. Kumpongeza mbele ya mkutano kama mwanafunzi aliyefaulu ni kumdhalilisha. Vijana nao waulizwe wanachotaka, maana si wote wanaofurahia picha yao kurushwa kwenye kundi la WhatsApp. Kamati ifungue PEPMIS kabla ya kutaja jina lolote. Ikae Februari, si Aprili. Na narudia, zamu ikome.

Kwa majadiliano ya vikundi, naomba kundi la kwanza lianze na pendekezo la watumishi wa mkataba, kwa kuwa ndilo litakalohitaji kibali kutoka juu na barua yake itachukua muda. Rasimu ya fomu ya mapendekezo imo kwenye makabrasha yenu, ukurasa wa mwisho. Kisanduku cha idara nimekiondoa.